Uvimbe ambao hakuna aliyeutafuta

Baba mdogo alikwenda kupigwa ultrasaundi hapa Arua, Uganda, kwa sababu ya tumbo. Akila nyama ya mafuta, ubavu wa kulia unamsokota. Vijiwe vya nyongo vikaonekana kweli. Ila upande wa kushoto, ambako hakuwahi kusikia maumivu, figo ilikuwa na uvimbe wa sentimita 3.

Hilo ndilo lililotuvuruga. Mtu hakojoi damu, kiuno hakimuumi, anaendesha baiskeli hadi sokoni, halafu anaambiwa huenda ana kansa! Mama mdogo akasema mashine imekosea. Mzee mwenyewe, mwanajeshi mstaafu, akauliza: "Adui hajafyatua hata risasi, mimi nimpige kwa lipi?"

Nimesoma sana tangu siku ile, na naona kutoumwa kwake ndiko kulikokuwa bahati. Dalili za kwenye vitabu ni damu kwenye mkojo, maumivu ya ubavuni na uvimbe unaoshikika kwa mkono. Anayefika hospitali na zote tatu, mara nyingi ugonjwa umeshakwenda mbali. Katika nchi zenye mashine nyingi, zaidi ya nusu ya saratani za figo huonekana hivi hivi, daktari akitafuta kitu kingine. Marekani, ambao saratani yao haijatoka kwenye figo, zaidi ya 9 kati ya 10 huvuka miaka 5 tangu kugunduliwa. Ikishafika mapafuni au kwenye mifupa, hawafiki 2 kati ya 10.

Sizimezi takwimu hizo nzima nzima. Aliyegunduliwa mapema ameanza kuhesabiwa miaka mapema, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo ni ya kalenda tu. Tena katika uvimbe mdogo usiozidi sentimita 4, karibu mmoja kati ya mitano si saratani kabisa. Ndiyo maana mzee mwenye moyo dhaifu anaweza kuachwa bila kupasuliwa, akafuatiliwa kwa picha tu.

Basi la Kampala likatuvusha daraja la Karuma usiku. Siti skani (picha ya CT) ikaonyesha uvimbe ni nyama, si maji. Huku nyumbani ukoo ulikuwa umeshaanza kuchanga pesa za kimo (kemotherapi, dawa za kuua saratani), daktari akatukata kauli: kimo ya kawaida haifui dafu kwa saratani ya figo, hapa tiba ni kisu. Lo, kisu! Wazee wetu wanaamini kansa ikiguswa na kisu inasambaa, na simu zilipigwa mpaka salio likaisha. Aliyemaliza mjadala ni mgonjwa. Alisema yeye ameshapasuliwa vitani bila ganzi ya maana, na hapa kuna ganzi.

Wakakata kipande chenye uvimbe, figo iliyobaki wakaiacha ifanye kazi. Majibu ya maabara: saratani, lakini kingo safi, yaani pembezoni mwa kipande kilichokatwa haikuonekana. Sasa kazi yake ni kurudi kupigwa picha, kumeza dawa za presha na kuacha sigara, maana vyote viwili, presha na sigara, huongeza hatari ya ugonjwa huu. Dawa anameza. Habari za sigara muulizeni mama mdogo, ndiye anayempekua mifuko.