Rula ya binti yangu na ile boriti ya Kibos

Jana jioni binti yangu badala ya kumaliza homuweki alikuwa ameisimamisha rula kwa ubavu juu ya vitabu viwili, anaibonyeza katikati. "Mama, mbona haishuki chini? Inalala upande tu." Nikabaki na mwiko mkononi, ugali unaungua, mawazo yangu yako Kisumu.

Kuna godauni tulijenga Kibos, kule Kisumu. Boriti ilikuwa mita 24, vipande viwili vya mita 12 vimechomelewa, kilo 67 kila mita. Hesabu za kuinua nilipiga mimi, na programu ilinionyesha buluu kutoka ncha hadi ncha, rangi ya kusema stresi, yaani mkazo ndani ya chuma, ni ndogo, nikalala vizuri.

Saa mbili asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza, kreni ikavuta. Minyororo ilikuwa imefungwa kwenye ncha kabisa, vile nilivyochora. Boriti ikaachana na mbao, futi moja, futi mbili, na mimi nilikuwa naangalia kivuli chake kwenye murram maana jua lilikuwa linaniumiza macho, kivuli kimenyooka kabisa, halafu katikati kikaanza kutoka nje ya mstari, polepole, kikawa upinde. Nikainua macho. Chuma kimelala ubavu hewani na hakitoi sauti yoyote, mimi siku zote nilidhani chuma kikizidiwa kitalia. "Teremsha! Teremsha!" Huyo ni mzee foremani, kiganja chini, mimi sauti bado haijatoka. Opereta akashusha, boriti ikagusa mbao ikanyooka yenyewe. Mtu nyuma yangu akasema, "Erokamano, Nyasaye," asante Mungu kwa Kijaluo.

Usiku nikafungua modeli. Nilikuwa nimenakili ile ya paa lililokamilika, nikaziacha zile papi za chuma zinazobeba mabati zikiishika boriti ubavuni urefu wote, na hewani hakuna papi, kuna minyororo miwili basi. Nikazifuta. Programu ikagoma, kitu kinachoning'inia hakina cha kukizuia kuyumba, nikaweka springi laini laini ndiyo ikakubali, na namba ya kujikunja ikatoka chini ya 1, yaani uzito wake wenyewe tu unatosha kuilaza. Stresi bado buluu tupu! Nikasogeza minyororo mita 5 ndani kila upande, momenti, yaani ile nguvu ya kuipinda, ikatoka karibu kilonyutoni-mita 47 ikaja 8. Kesho yake ikapanda imenyooka.

Mzee akaniuliza mbele ya watu, "Sasa injinia, jana ilikuwa nini?"

"Minyororo ilikaa vibaya, mzee."

Vijana walioifunga wakaangalia chini. Mmoja akaanza kukunja glavu zake, akazikunjua, akazikunja tena. Nilimwona, na sikuongeza neno.

Nilimsogezea binti vitabu vikakaribiana, nikamwambia abonyeze tena.

Mzee alistaafu, akarudi kwao Siaya. Namba yake ninayo.