Chumvi ya Trapani

Jana mwanangu kaona paketi ya chumvi ya mabonge niliyoletewa, kaniuliza mama hii si ya Gongoni? Nikamwambia hapana, hii ya Trapani, kule Sisilia, Italia, na hapo hapo Nonna, yaani bibi kwa Kiitaliano, akanijia mbele ya macho, nikaacha nilichokuwa nafanya.

Ule mwaka wangu wa kwanza huko ndo nilikuwa namtunza. Trapani imechomoza baharini nyembamba imepinda kama mundu, na hilo jina lenyewe Wagiriki walilitoa kwenye mundu. Kusini ni mabwawa ya chumvi mpaka Paceco, maji yanapitishwa bwawa hadi bwawa jua likiyakausha, yanageuka ya waridi, heroe wamesimama humo, na chumvi ikivunwa inarundikwa inaezekwa vigae. Mimi mtoto wa Gongoni, pwani ya Kenya kwenye mabwawa ya chumvi kama hayo, siku ya kwanza kuona vile nililia.

Sasa Jumapili moja ya Septemba Nonna kaniita jikoni tupike kuskusi. Kaweka mafaradda, lile bakuli pana la udongo, kanyunyiza semolina kiasi, ule unga wa ngano wa chenga, kachovya vidole kwenye maji ya chumvi, akaanza kuzungusha, polepole, vidole vimeachana kama anamkuna mtoto kichwani, na unga ukawa unashikana chembe chembe. Nilipojaribu mimi yakawa madonge. Akaweka mkono wake juu ya wangu tukazungusha pamoja, hakuna aliyeongea, unasikia tu chembe zinakwaruza udongo, mpaka nikazihisi zimekuwa nyepesi chini ya vidole.

Mengine yakaenda mbio, mvuke, sufuria zimezibwa kwa donge la unga, mchuzi wa samaki, kisha kuskusi ikamwagiwa mchuzi ikafungwa blanketi la sufi itulie. Akasema chakula hiki kimetoka ng'ambo, Tunisia, bahari ya kilomita kama 150 tu, sasa ni chetu.

Halafu akaniuliza, na kwenu Jumapili mnapika nini?

Nikamjibu wali tu.

Wali tu, na mama yangu anapika pilau anapalia makaa juu ya kifuniko, kazi ile ile ya blanketi la Nonna! Kiitaliano changu kilikuwa kidogo ndiyo, lakini mikono nilikuwa nayo, ningemwonyesha. Alingoja kidogo nimalizie, nikanyamaza, akaenda kufunua sufuria.

Mpaka leo sijui nilikuwa naficha nini. Akafariki sijampikia.

Mwanangu kauliza tena, sasa hii chumvi tunapikia nini? Nikamwambia lete mchele.