Ghorofa moja, na chumba cha mama kiwe chini

Tumeamua: nyumba tutakayojenga itakuwa na sakafu mbili, ya chini na ya juu, basi. Naandika sababu zetu zikiwa bado mbichi, kwa sababu naona watu wengi wanachagua idadi ya ghorofa kwanza, ndipo wanaanza kuwatafutia watu vyumba.

Kiwanja chetu ni mita 15 kwa 20. Tukiacha mita 3 mbele na mita 2 pande nyingine zote, panabaki mita 11 kwa 15, yaani mita za mraba 165. Vyumba tunavyohitaji vinafika kama 160. Kwa hesabu tupu, nyumba ya chini, yaani isiyo na ghorofa, inaingia. Lakini itakula kiwanja chote, watoto wabaki na vichochoro vya kuchezea, na vyumba vya katikati vikose ukuta wa nje wa kuweka dirisha. Hilo la dirisha ndilo lililonitoa kwenye nyumba ya chini. Sitaki mtu wa familia yangu awashe taa saa sita mchana ili aone anapokanyaga.

Mke wangu alitetea nyumba ya chini kwa hoja nzito: haina ngazi. Ni kweli, ngazi zina gharama ambayo ramani huificha. Kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3. Ukipanda sentimita 16 na kitu kwa kila hatua, unapata vipandio 18. Weka na kituo cha kugeukia katikati, utapoteza kama mita za mraba 8 chini, na uwazi wa kiasi hicho hicho juu. Hicho ni chumba kidogo cha kulala. Wapo wanaookoa nafasi kwa kuinua vipandio na kufupisha pa kukanyagia. Nimewahi kushuka ngazi za namna hiyo nikiwa nimembeba mtoto aliyelala, na siwezi kumjengea mtu ninayempenda kitu kama kile. Zetu zitakuwa na sentimita 28 za kukanyagia, hata sebule ikipungua.

Mama anaishi nasi na magoti yake yamechoka. Kwa hiyo chini patakuwa na chumba chake kamili, chenye choo na bafu lisilo na kizingiti, na mlango wa sentimita 90 utakaopitisha kiti cha magurudumu ikibidi. Mama mwenyewe alisema angeweza kupanda polepole. Nikamjibu, "Hapana mama, hilo tumeshalimaliza." Na ipo siku mimi na mke wangu ndio tutakaokihitaji chumba hicho.

Mdogo wangu ndiye aliyenipa kazi kubwa. "Kaka, weka msingi wa kubeba sakafu tatu, ya juu utamalizia baadaye." Si wazo baya, na uamuzi huo kweli hufanywa mwanzoni, kwani zege la unene wa sentimita 15 lina uzito wa karibu kilo 360 kwa kila mita ya mraba, kabla hujajenga ukuta wala kuingiza kitanda. Uzito huo unashukia nguzo, nguzo zinashukia msingi, msingi unashukia udongo. Kuongeza nguvu chini baada ya watu kuhamia ni kazi ngumu na ya gharama. Lakini nondo zilizoachwa zimechomoza juu hushika kutu, na zege lisiloezekwa hupitisha maji lisipozibwa vizuri. Nikamuuliza, "Huko juu atalala nani?" Hakunitajia mtu.

Bafu la juu tumeliweka juu kabisa ya bafu la mama ili mabomba yashuke kwa mstari mmoja. Tenki nalo linahitaji kuinuliwa: mita 10 za urefu hutoa msukumo wa takriban ba 1 tu (ba ni kipimo cha msukumo wa maji), kwa hiyo tenki lililo mita 2 juu ya bomba la kuogea litadondosha maji kwa unyonge. Huenda tukaweka pampu ndogo.

Kilichobaki ni kupima udongo, na mhandisi amekataa kukadiria msingi kabla ya majibu. Amefanya vema. Ikionekana ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, na gharama ya msingi wa ghorofa ikatushinda, tutarudi kwenye nyumba ya chini na kupunguza vyumba. Cha kwanza kutoka ni chumba changu cha kusomea. Cha mama hakiguswi.