Tangazo la salfa katikati ya makala ya korosho

Tovuti yangu inahusu korosho: bei za minada, salfa (dawa ya kupulizia mikorosho), mvua. Inaendeshwa na WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kwenye hosti (huduma ya kuhifadhi tovuti) ninayolipia mwenyewe hapa Mtwara mjini, na wasomaji wengi ni wakulima wa Tandahimba, Newala na Masasi wanaoingia kwa simu. Matangazo niliyaweka pembeni, ila kwenye simu cha pembeni hushuka chini kabisa, mahali asipofika mtu. Mzee mmoja mwenye duka la pembejeo, aliyenilipia msimu mzima wa kupulizia, akanipigia: "Mjomba, nimesukuma mpaka kidole kimechoka, tangazo langu silioni."

Basi tangazo likabidi liingie ndani ya makala. Kubandika kwa mkono ni kujitesa, maana msimu wa salfa ukiisha unaanza kubandua moja moja. Zipo plagini (programu ndogo za nyongeza) za kazi hiyo, Ad Inserter mojawapo, na ni nzuri. Mimi hosti yangu ni ya bei ndogo, sikutaka kuiongezea mzigo. Niliandika msimbo mfupi kwenye functions.php, faili la msimbo la themu mtoto (themu ndogo inayorithi themu mama, yaani ile inayoipa tovuti sura yake), kwa sababu ukiuweka kwenye themu mama, siku ya kusasisha unafutika. Msimbo unadaka the_content, yaani maandishi ya makala kabla hayajaoneshwa, unayakata kila penye </p>, alama ya mwisho wa aya, unahesabu aya, unachomeka tangazo baada ya ya tatu. Makala isiyozidi aya sita inaachwa kama ilivyo.

Kilichonisumbua ni majedwali. Jedwali la bei halihesabiki kama aya, na makala zangu za mnada huwa na aya tatu za utangulizi, kisha bei za daraja la kwanza na la pili. Kwa hesabu hiyo tangazo linatua kati ya "bei zilikuwa kama ifuatavyo" na bei zenyewe! Mkulima ambaye korosho zake ziko ghalani, stakabadhi mkononi, anasubiri namba moja tu, halafu umwoneshe mfuko wa salfa? Nikaongeza sharti: kipande kinachofuata kikianza na figure, alama ambayo ndiyo WordPress hufungia jedwali, tangazo lisogee hadi mwisho wa aya inayokuja baada yake.

Tangazo lenyewe ni picha ya kawaida yenye kiungo, si JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari). Wengi huku wanatumia kivinjari cha Opera Mini kubana bando, na mle JavaScript nyingi haifanyi kazi. Jina la faili lisiwe na "ad" wala "banner", vizuia matangazo hulificha. Andika pia upana na kimo cha picha, la sivyo ikichelewa kufunguka maandishi yanaruka na msomaji anapoteza mstari. Google nayo huupima mruko huo, na 0.1 kushuka chini ndiyo huhesabiwa vizuri. Kwenye kiungo weka rel="sponsored", ambayo Google waliileta 2019 kwa viungo vya kulipiwa.

Kiungo kinafungua WhatsApp ya duka, ujumbe ukiwa umeshaandikwa: "Shikamoo, nimeona tangazo la salfa kwenye bei za mnada." Hapo mzee anajua mteja katokea wapi bila kuniuliza. Sasa anataka la pili, la mabomba ya kupulizia. Nimemwambia litakaa aya ya tisa, kwenye makala ndefu tu, kwa nusu bei. Bado tunavutana kwenye hiyo nusu.