Analalaje Askari Aliyerudi?

Mjomba wangu, askari mstaafu wa hapa Bukavu, hukaa daima akiutazama mlango, na mvua ya mawe ikipiga mabati ya Kadutu huziba masikio kwa viganja mpaka ipite. Hakuna daktari wa jeshi aliyewahi kumuuliza analalaje.

Dodoso la PCL-5, lililotungwa Marekani kupima kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya mambo ya kutisha kama vita, lina maswali 20 kuhusu ndoto mbaya, kushtuka, hasira na kujitenga na watu. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 4, na anayefikisha jumla ya takriban 31 hadi 33 huhitaji kuonwa na mtaalamu, kwa kuwa alama hizo ni ishara tu. Tangu 2005 jeshi la nchi hiyo huwauliza tena askari wake miezi 3 hadi 6 baada ya kurudi, na naona hapo ndipo penye hekima, maana siku ya kurejea mtu hutamani nyumbani, atajibu kwamba yuko salama.

Ninachohofia, jeshi letu nalo likianza kuuliza hivyo, ni nani atakayesoma majibu, kwani askari akijua karatasi itafika kwa kamanda wake, ataficha. Maswali nayo yaulizwe kwa Kiswahili chetu: mjomba hasemi ana huzuni, husema moyo unamwenda mbio.