Siyo uvivu, watu wamechoka

Jamani hili la watumishi wa umma kuitwa wavivu linaniuma sana. Mimi niko halmashauri, na kuna dada wa masijala ambaye zamani faili halilali mezani kwake, siku hizi unamkuta kalifungua, anasoma dokezo lilelile asubuhi nzima, analifunga, analirudisha kwenye trei. Ukimuuliza anakwambia "kesho mdogo wangu, leo kichwa hakipo". Mtu wa nje akiona anasema huyu anakula mshahara wa bure, hajui wenzake walihamishwa na nafasi zao hazijazibwa, kazi zote kabaki nazo yeye, na bado ajaze PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi ulioingia badala ya ule wa zamani wa OPRAS, na mtandao wenyewe unakatakata.

Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 walishaieleza hali hii ya kuchoshwa na kazi, yaani burnout, kwamba ni msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa, nguvu zinakuishia, kazi unaichukia, ufanisi unashuka. Sasa hapo barua ya kujieleza inasaidia nini?

Halafu likizo. Kisheria tuna siku 28 kwa mwaka lakini ukiomba unaambiwa subiri bajeti ipite, subiri wakaguzi waondoke, mara mwaka umeisha. Nawaomba sana maafisa utumishi, kabla hujamwandikia mtu barua mwite, kaa naye, angalia kabebeshwa nini na alipumzika lini mara ya mwisho. Na likizo zisainiwe kwa wakati, mtu akienda kwao asipigiwe simu kuulizwa faili liko wapi.