Nilivyosaga mbegu za kitani baada ya kuziba kinu cha watu

Mtu akikwambia unyunyizie mbegu za kitani (zile tunazoziita flaksi) maji kidogo kabla ya kusaga, mkimbie. Mimi sikukimbia.

Ilikuwa Julai, baridi na manyunyu, jua linachungulia saa nane kisha linarudi kulala. Nilikuwa nimenunua kilo mbili pale Nyamakima, Nairobi, za kuchanganya na wimbi la uji, mfuko ukakaa wazi jikoni karibu na mvuke wa sufuria. Nikabeba kilo moja hadi kinu cha mtaani kwetu Umoja. Kijana wa mashine akaziparaza kwa kidole: “Mama, ngozi yake ngumu hizi. Tia maji kama mahindi ya kukoboa.” Nikatia kikombe kizima, nikakanda kama mtu anayejua kazi.

Ganda la mahindi hulegea kwa maji. Ganda la kitani hutoa ute. Dakika chache tu mbegu zikawa zinavutika kama mrenda, naye akazimimina hivyo hivyo! Mashine ikaguna, mkanda ukapiga kelele, kisha kimya. Karibu asilimia 40 ya mbegu hizo ni mafuta. Yakichanganyika na ute na joto la nyundo za mashine, chekeche lake linapata gundi. Nilikwangua matundu kwa msumari huku foleni nzima ya mahindi ikinitazama, na mzee mmoja akauliza kama nimeanza kazi ya plasta. Nikalipa kusaga, nikalipa na kusafisha, kama mia tatu hivi. Aliyepokea pesa ni yule yule aliyenishauri.

Kilo iliyobaki nikaitia kwenye chupa na chumvi kavu, nikatikisa kupima unyevu. Chumvi haikunata kwenye chupa, nikashangilia bure: kipimo hicho hushtuka unyevu ukipita kama asilimia 15. Mahindi huhesabiwa makavu kwenye 13.5, lakini kitani, kwa mafuta yake, kinataka 9 au chini.

Hapo nikaazima mizani ya keki ya jirani. Nilianika kwenye turubai juu ya paa, na kila jioni nikapima. Siku ya kwanza uzito ukashuka vizuri, ya pili kidogo, ya nne haukusogea tena. Karibu gramu 50 zilikuwa zimekwenda, maji matupu! Ukiuma mbegu, inalia ka! Ile ya kwanza ilikuwa inabonyea tu.

Kijana aliponiona akafunga mlango nusu. Nikamwonyesha nimechanganya kikombe kimoja cha kitani kwa vinne vya wimbi kavu, linyonye mafuta. Unga ukashuka mkavu, chekeche safi. (Nasaga wa wiki moja tu na kuuweka kwenye friji, maana mafuta yake huchacha upesi.)

Juzi nilimsikia akimwambia mteja mwingine, kwa sauti ya mtaalamu: “Mama, kausha kwanza. Pima kwa mizani.”